Sayari haiumbwi kwa kura, wala haifutwi kwa kura

Mnamo Juni 23, 2025, kituo kipya cha darubini kiitwacho Vera C. Rubin, kilichojengwa juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kilitoa picha zake za kwanza kwa umma. Darubini hiyo ina kioo chenye upana wa mita 8.4, na imekusudiwa kuipiga picha mbingu ya kusini tena na tena, kila baada ya siku chache, kwa muda wa miaka kumi. Miongoni mwa mengi yanayotarajiwa kutoka huko, liko swali moja ambalo limewakosesha wanafalaki usingizi tangu mwaka wa 2016: je, kuna sayari kubwa inayolizunguka Jua letu mbali kabisa kupita Neptuni, ambayo hakuna jicho la mwanadamu lililowahi kuiona?

Swali hilo limefufua mjadala mwingine ambao baadhi yetu tulidhani umekwisha kuzikwa, nao ni ule wa Pluto. Machi 2024, gavana wa jimbo la Arizona, Marekani, alitia sahihi sheria inayoitangaza Pluto kuwa sayari rasmi ya jimbo hilo, kwa kuwa iligunduliwa huko, katika mji wa Flagstaff. Miezi mitano baadaye, Muungano wa Kimataifa wa Falaki ulifanya mkutano wake mkuu mjini Cape Town, ukiwa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika tangu muungano huo uasisiwe mwaka wa 1919. Huko nako maana ya neno sayari ikazungumzwa upya.

Kwa maoni yangu, mjadala huu unawatatiza wengi kwa sababu maswali mawili yamefungwa katika mzigo mmoja. Swali la kwanza ni la jina: kitu hiki tukiiteje? Swali la pili ni la kuwepo: kitu hiki kipo au hakipo? La kwanza hukatwa na watu kwa makubaliano, na watu hao hao wana haki ya kuyabadili makubaliano yao kesho. La pili halikatwi na mtu yeyote, awe profesa au gavana. Hukatwa na ushahidi peke yake. Asiyetenganisha haya mawili atadhani wanasayansi ni watu wa kigeugeu, ambao leo husema hili na kesho wakasema lile.

Anayedhani kwamba Pluto ndiyo ya kwanza kuvuliwa cheo hajaisoma historia. Januari 1, 1801, padri Mwitaliano, Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo katika kisiwa cha Sicily, aliona nukta ya mwanga ambayo ilisogea usiku baada ya usiku. Nukta hiyo iliitwa Ceres, ikahesabiwa kuwa sayari iliyokuwa ikikosekana kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka wa 1802 ikaonekana Pallas, mwaka wa 1804 Juno, na mwaka wa 1807 Vesta. Zote nne ziliandikwa vitabuni kuwa sayari, na watoto wa Ulaya wakazikariri. Kisha, kuanzia mwaka wa 1845, zikagunduliwa nyingine, na nyingine tena, hadi ikawa dhahiri shahiri kwamba hizo hazikuwa sayari zilizojitenga bali kundi kubwa la miili midogo inayokwenda pamoja. Wataalamu wakaacha polepole kuzihesabu miongoni mwa sayari, wakaziita asteroidi. Hakuna kura iliyopigwa. Na Ceres yenyewe haikupungua hata chembe kwa kubadilishwa jina.

Kisa cha Pluto kilifuata mkondo huo huo, ila kwa mwendo wa kobe. Februari 18, 1930, Clyde Tombaugh, kijana wa miaka 24 aliyelelewa shambani, ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu, alikuwa akilinganisha picha mbili za sehemu moja ya mbingu zilizopigwa siku mbalimbali katika kituo cha Lowell. Akaona nukta moja imehama. Ulimwengu ukashangilia, na msichana wa miaka 11 wa mjini Oxford, Uingereza, Venetia Burney, akapendekeza iitwe Pluto. Hapo awali ilidhaniwa huenda ina ukubwa wa kukaribia Dunia. Lakini kila ilipopimwa upya ilizidi kupungua. Mwaka wa 1978, James Christy alipogundua kwamba Pluto ina mwezi, ndipo uzito wake ulipoweza kukadiriwa barabara: haufiki hata moja ya tano ya uzito wa Mwezi wetu.

Kisha majirani wakaanza kujitokeza. Mwaka wa 1992, David Jewitt na Jane Luu, wakitumia darubini iliyo juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, waliona mwili mdogo wa barafu kupita Neptuni. Tangu hapo maelfu yamepatikana katika ukanda huo huo. Mwaka wa 2005, Mike Brown na wenzake wawili walitangaza kupatikana kwa mwili mmoja ambao uzito wake baadaye ulionekana kuipita Pluto. Uliitwa Eris, jina la mungu wa kike wa ugomvi katika ngano za Wayunani, na kwa hakika jina lilisadifu. Ikiwa Pluto ni sayari, Eris je? Na ikiwa Eris si sayari, Pluto itabakia kwa hoja gani?

Ndipo ikaitishwa kura. Agosti 24, 2006, mjini Prague, siku ya mwisho ya mkutano mkuu wa Muungano wa Kimataifa wa Falaki, waliokuwa wamebaki ukumbini walipitisha kwamba sayari ni mwili unaotimiza masharti matatu: uzunguke Jua; uwe na uzito wa kutosha kuufanya uwe mviringo kwa nguvu zake wenyewe za mvutano; na uwe umeifagia njia yake, yaani usiwe mmoja tu wa kundi wanaogawana njia hiyo. Pluto ilitimiza mawili ya kwanza ikashindwa la tatu. Ikapewa jina la sayari kibete, pamoja na Eris na Ceres. Waliopiga kura hawakufika 500, ilhali muungano ulikuwa na wanachama maelfu kadhaa.

Sisemi uamuzi huo ulikosea katika jambo lake la msingi. Miili minane mikubwa inatawala njia zake, na Pluto haitawali. Hiyo ni tofauti ya kweli iliyopo angani, si ya kubuniwa. Lakini maneno yaliyochaguliwa kuieleza tofauti hiyo yana kasoro ambazo mwanafunzi yeyote makini anaweza kuziona. Kwanza, sharti la kuzunguka Jua linaziacha nje sayari zote za nyota nyingine, na kufikia mwaka wa 2025 zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 6,000. Kwa kufuata herufi za Prague, hizo si sayari. Pili, hakuna kipimo kilichowekwa cha kufagia. Mshtarii yenyewe inaandamana na maelfu ya asteroidi katika njia yake. Tatu, ilitamkwa kwamba sayari kibete si sayari. Katika falaki hiyo hiyo Jua letu huwekwa katika jamii ya nyota vibete, na sijasikia mtu akisema kwamba kwa hivyo Jua si nyota.

Upande wa pili nao una hoja zake. Alan Stern, aliyeongoza safari ya chombo cha New Horizons, anashikilia kwamba mwili uhukumiwe kwa hali yake, si kwa majirani zake. Chombo hicho kilipopita karibu na Pluto mnamo Julai 14, 2015, kilituonyesha milima ya barafu ya maji, uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda, na hewa nyepesi ya rangi ya samawati. Hapo hapakuwa na kipande cha mwamba mfu, palikuwa na ulimwengu. Hata hivyo, tukiikubali hoja hiyo kikamilifu, Mwezi wetu nao utakuwa sayari, na miezi mingine mikubwa pia, na hesabu yetu itapindukia mia moja. Pengine si vibaya. Lakini neno linalokusanya kila kitu halitofautishi kitu.

Mapendekezo yaliyofikishwa Cape Town mwaka wa 2024 na Jean-Luc Margot na wenzake yalijaribu kuitibu kasoro hii kwa tarakimu. Walitaka sayari itambuliwe kwa uzito wake: isipungue kiwango fulani cha chini, isizidi mara 13 ya uzito wa Mshtarii, na iwe inazunguka nyota yoyote ile, si Jua letu pekee. Kwa kipimo hicho sayari zetu zinabaki nane, Pluto inabaki nje, na zile maelfu za mbali zinaingia. Hayakupigiwa kura. Nadhani ni vyema yasipigiwe haraka. Jina zuri hukubalika kwa kutumika.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna ushahidi wetu wenyewe wa jinsi majina yanavyoweza kupotea njia. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya kale yaliyotufikia kutoka Kiarabu, kwa kuwa sayari hizo huonekana kwa macho. Utaridi nalo ni jina la zamani la sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Lakini katika orodha kadhaa za msamiati zinazotumiwa na wanafunzi wetu, Utaridi limetundikwa Pluto, na sayari ya kwanza ikaitwa Zebaki, ambalo ni jina la madini, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Sarateni na Kausi, ambayo asili yake ni majina ya buruji, yaani Kaa na Mshale, nayo yakagawiwa sayari za mbali. Mtoto akikariri orodha hiyo hupata alama zake, lakini hajui kwamba amekariri mchanganyiko. Kosa hilo ni letu, na kulirekebisha hakuhitaji darubini.

Tuje sasa kwa swali la pili, lile la kuwepo. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake mitaani, ila mbinguni imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanafaa kufundishwa katika kila shule. Katikati ya karne ya 19 wanafalaki waliona kwamba Uranus haiendi sawasawa na hesabu zao. Mfaransa Urbain Le Verrier akakokotoa kwamba lazima iko sayari nyingine nje yake inayoivuta, akaeleza mahali pa kuitafuta. Septemba 23, 1846, Johann Galle aliielekeza darubini ya Berlin mahali hapo, na usiku huo huo akaiona Neptuni. Lisemwalo lilikuwapo.

Mwaka wa 1859 Le Verrier huyo huyo aligundua kwamba sayari iliyo karibu zaidi na Jua nayo haiendi sawasawa. Akatumia njia iliyomfaa awali: lazima iko sayari nyingine, ndani zaidi, karibu na Jua. Ikapewa jina la Vulcan kabla haijathibitishwa. Wakatokea hata watu waliodai kuiona. Le Verrier alifariki mwaka wa 1877 bado akiamini kwamba ipo. Haikuwapo. Mwaka wa 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kilichopungua hakikuwa sayari bali ufahamu wetu wa nguvu za mvutano. Basi mtu yule yule, kwa akili ile ile na kwa njia ile ile, alipata mara ya kwanza akakosa mara ya pili. Lililotofautisha mara hizo mbili halikuwa sifa ya msemaji, kwani mara ya pili sifa yake ilikuwa kubwa zaidi. Ni kwamba Berlin walitazama wakaona, na kwa Vulcan walitazama wasione.

Hata Pluto ni mtoto wa hesabu iliyokosea. Percival Lowell, mwanzilishi wa kituo cha Flagstaff, alifariki mwaka wa 1916 akitafuta sayari kubwa ambayo aliamini inaivuruga Uranus. Pluto ilipatikana karibu na mahali alipokisia, ikadhaniwa ndiyo. Baadaye ikaonekana kuwa ndogo mno, haiwezi kuivuruga sayari yoyote. Chombo cha Voyager 2 kilipoipitia Neptuni mwaka wa 1989 na kutoa uzito wake sahihi, hesabu za Uranus zikarekebishwa, na ule mvurugo ukatoweka. Tombaugh aliipata Pluto kwa bidii yake ya kutazama, si kwa uganga wa Lowell.

Ni kwa kumbukumbu hii tuisikilize habari ya Sayari ya Tisa. Januari 2016, Konstantin Batygin na Mike Brown wa Caltech walitangaza kwamba miili sita ya mbali kupita Neptuni ina njia ndefu zilizoelekea upande mmoja. Walisema ni vigumu jambo hilo litokee kwa sadfa, na kwamba huenda zinachungwa na sayari yenye uzito wa takriban Dunia kumi, inayolizunguka Jua mara moja kwa miaka kati ya 10,000 na 20,000. Msomaji atambue kwamba Brown huyu ndiye yule yule aliyegundua Eris na kuiangusha Pluto. Aliyeipunguza orodha sasa anataka kuiongeza.

Mtu anaweza kuuliza: sayari kubwa hivyo itajificha vipi? Jibu liko katika mwanga. Sayari haina mwanga wake. Hutegemea ule wa Jua. Mwanga huo hufifia ukienda, na ule unaoakisiwa hufifia tena ukirudi. Sayari ikisogezwa mbali mara mbili, mng'ao tunaoupata hupungua mara 16. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko Dunia. Sayari hii inakisiwa kuwa mbali mara mamia. Isitoshe, mbingu ni pana, na hatujui iko sehemu gani ya njia yake.

Hata hivyo wapo wataalamu wasioridhika, na hoja yao ni nzito. Mvuvi anayetega nyavu zake katika ghuba moja tu hana haki ya kusema kwamba samaki wote wa bahari wanaishi katika ghuba hiyo. Darubini nazo hazitazami kila mahali kwa usawa. Hutegemea majira, mawingu na mipango ya watafiti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2021, uliojumuisha matokeo ya upekuzi kadhaa wa mbingu, ulisema kwamba mpangilio ule waweza kuelezwa na upungufu wa utafutaji wenyewe. Mwaka wa 2025 ukaleta miili miwili zaidi, 2017 OF201 na 2023 KQ14, ambayo njia zake hazikuelekea upande ule wa wenzao. Batygin na Brown hawajakubali kushindwa, na si lazima wakubali bado. Ila mzigo wa ushahidi uko mabegani mwao.

Hapa ndipo darubini ya Chile inapoingia. Ikiwa sayari hiyo ipo, kuna matumaini makubwa kwamba itaonekana katika miaka ya kazi hiyo. Ikiwa haipo, orodha kubwa ya miili mipya itakayopatikana itaonyesha kama ule mpangilio ni wa kweli au ni kivuli tu cha nyavu zetu. Kwa vyovyote vile tutajua zaidi. Huo ndio uungwana wa sayansi: msemaji hueleza mapema ni jambo gani likionekana atakuwa amekosea.

Tofautisha hayo na uvumi wa Nibiru, ile sayari ya kubuni ambayo walimwengu walitishwa kwamba ingeigonga Dunia mwaka wa 2003, kisha ikasogezwa hadi Desemba 2012. Miaka yote miwili ilipita salama. Waliovumisha hawakuomba radhi, bali walitafuta tarehe nyingine. Kwa sikio lisilozoezwa, habari ya Batygin na ile ya Nibiru zinafanana, kwani zote zinasema juu ya sayari isiyoonekana. Tofauti yake haimo katika ajabu ya habari, imo katika namna msemaji anavyokubali kusahihishwa.

Kwa ajili hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja. Mtoto anapouliza kama sayari ni nane au tisa, asijibiwe kwa tarakimu peke yake. Huko ni kumpa samaki bila kumfunza kuvua. Aelezwe kwamba nane ni hesabu ya makubaliano ya mwaka wa 2006, kwamba makubaliano hayo yana sababu na yana kasoro, na kwamba yaweza kubadilishwa. Aelezwe pia kwamba hakuna makubaliano yanayoweza kuiondoa Pluto pale ilipo, wala kuileta Sayari ya Tisa pale ambapo haipo. Akiyafahamu hayo angali darasani, atakapokuwa mtu mzima atajua ni mambo gani katika nchi yapelekwe kwenye sanduku la kura, na ni yapi yapelekwe kwenye mizani, maabara na hesabu. Kura yaweza kutuchagulia kiongozi. Haiwezi kutuambia kama maji ya kisima yana sumu, au kama dawa inaponya.

Wakati sisi tunabishana, Pluto inaendelea na safari yake ya miaka 248 kulizunguka Jua. Tangu Tombaugh aione mwaka wa 1930 haijakamilisha hata nusu ya mzunguko mmoja. Imekwisha kuitwa sayari, kisha sayari kibete, na huenda itaitwa jina jingine kabla haijarudi ilikoanzia. Majina hayo yote ni yetu sisi. Yenyewe haidai chochote.